Jalada na video ya mwimbaji mpya: Osha sampuli kwanza kabla ya kumwaga mtaji

Ripoti ya Soko: Shinyanga na Geita

MFANYABIASHARA wa Kahama, Katoro au Geita mjini anayeombwa kumdhamini mwimbaji mpya wa RnB hujikuta akiombwa fedha nyingi kwa vitu viwili visivyosikika redioni, yaani jalada la albamu na video. Nyimbo zinaweza kurekodiwa mmoja mmoja na studio ikalipwa kwa awamu. Video hulipwa kwa mkupuo, na ikishapigwa haibadiliki bila gharama mpya. Hapo ndipo mtaji mdogo unapoweza kuzama wote kwa siku moja.

Cha kushangaza ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo hawezi kununua kiroba cha mawe ya dhahabu kwa kuyatazama tu. Kule Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu, mnunuzi huchukua mawe machache, huyaponda, huyasaga, huyaosha kwenye karai na kuangalia kinachobaki chini. Ndipo hutaja bei. Akiisha kutoka machimboni na kukaa mbele ya mwongozaji wa video mwenye maneno matamu, hutoa mamilioni bila kuosha chochote.

Makala haya yanaeleza jinsi jalada na video vinavyoweza kupimwa kwa gharama ndogo, katika soko la hapa hapa, kabla ya fedha kubwa kutoka mfukoni.

SOKO LENYEWE LIKOJE

Ukanda huu una fedha, lakini si fedha ya mshahara wa kila mwezi pekee. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati huo, ukafuata mwaka 2001. Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji mwaka 2021. Pamoja na migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo, wenye makarasha, wenye mialo, mabroka, mama lishe na waendesha bodaboda. Masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, sehemu ya biashara iliyokuwa ikifanyika gizani ililetwa mezani.

Aidha kuna pamba na mpunga. Kwa hiyo mzunguko wa fedha hupanda baada ya mavuno, na hupanda ghafla mahali palipopatikana mwamba mzuri, kisha ukahama na watu wake. Mfano wa Buzwagi unatosha kuonyesha kuwa mteja wa burudani aliyekuwapo mwaka huu anaweza asiwepo mwaka ujao. Mwekezaji anayetegemea kurudisha fedha zake kwa miaka mitano katika mji mmoja anajidanganya.

Jambo la pili la kuzingatia ni ushindani. RnB ni muziki wa sauti laini na maneno ya mapenzi. Katika ukanda huu unagombea masikio na Bongo Fleva ya kuchezeka, kwaya za Injili, na nyimbo za Kisukuma ambazo video zake zina watazamaji wake waaminifu. Mji ambao watu wake wamekulia kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu umezoea kuona umati, vumbi na vituko. Mwimbaji aliyesimama peke yake katika chumba chenye mwanga hafifu ana kazi ya ziada ya kumfanya mtu asigeuze macho.

NJIA ALIYOPITA LADY JAYDEE

Mkoa wa Shinyanga si mgeni katika muziki huu. Judith Wambura, anayejulikana zaidi kama Lady Jaydee, alizaliwa Shinyanga mwaka 1979, na anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuimba RnB kwa Kiswahili. Albamu yake ya kwanza, Machozi, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikafuatiwa na Binti mwaka 2003, Moto mwaka 2005 na Shukrani mwaka 2007. Biashara yake ilijengwa Dar es Salaam, ambako ndiko zilikokuwa studio, vituo vikubwa vya redio na wasambazaji wa kanda wa Kariakoo.

Mfanyabiashara akiyatazama majina ya albamu hizo kwa jicho la soko ataona jambo moja. Kila moja ni neno moja, fupi, linalosomeka kwa mbali. Jalada la kaseti upande wa mbele lina upana wa kama sentimita 6.5 na urefu wa sentimita 10. Humo ziliingia picha, jina la msanii na jina la albamu. Neno moja lilipata nafasi ya kuwa kubwa. Baadaye bendi yake ikaitwa Machozi Band, na neno lililouza kanda likaendelea kuuza tiketi. Hapo jalada lilikuwa mwanzo wa alama ya biashara, jambo ambalo wadhamini wengi hulisahau wanapobishana kuhusu rangi ya shati.

KAZI YA JALADA NI IPI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika simu yenye nyimbo mia tatu, hata kizuri lazima kwanza kionekane.

Wazo la jalada lenye picha si la zamani sana. Hadi miaka ya 1930 sahani za santuri nyingi huko Marekani ziliuzwa ndani ya majalada ya rangi moja yasiyo na mapambo. Mchoraji Alex Steinweiss wa kampuni ya Columbia ndiye aliyeanza kuyachorea majalada hayo karibu na mwaka 1940, na kampuni nyingine zikaiga baada ya kuona kuwa picha inauza.

Tangu hapo jalada limekuwa likipungua ukubwa. Lile la santuri kubwa lilikuwa na sentimita 30 kila upande. La CD lina sentimita 12. Leo, katika huduma za muziki wa simu kama Boomplay, ambako msanii huombwa picha ya mraba, mara nyingi ya nukta 3,000 kwa 3,000, mteja huliona kama kipande cha sentimita moja au mbili kwenye kioo. Mchoraji hulionyesha jalada kwa mdhamini kwenye kioo kikubwa cha kompyuta likiwa zuri mno. Mteja halioni hivyo hata siku moja.

Hivyo basi jalada lina kazi tatu tu. La kwanza ni kumfanya mtu asimame. La pili ni kumweleza kuwa huu ni muziki wa aina gani. La tatu ni kumfanya alikumbuke jina ili aweze kuliomba kwenye kibanda cha kuweka nyimbo, redioni, au kwa rafiki. Jalada linaloshindwa moja kati ya hayo halifai, hata kama ni sanaa ya hali ya juu.

KUPIMA JALADA KWA BEI YA KARAI

Njia iliyo rahisi ni kumwomba mchoraji rasimu tatu zinazotofautiana kweli. Mathalani, moja iwe ya uso wa msanii kwa karibu, nyingine ya msanii akiwa mahali panapotambulika, na ya tatu ya maandishi makubwa na picha ndogo. Rasimu tatu za uso uleule kwa rangi tatu si rasimu tatu. Baada ya hapo vipimo vya awali havihitaji hata mteja.

Kwanza, lipunguze jalada hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kama jina halisomeki, herufi ziongezwe au maneno yapunguzwe. Pili, liangalie kwenye simu ya bei nafuu, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa, saa saba mchana, nje. Tatu, litoe nakala ya fotokopi isiyo na rangi, kwa kuwa ndivyo matangazo mengi ya kubandika ukutani yatakavyotolewa. Uso ukigeuka doa jeusi, mpiga picha arudi kazini.

Nne, fikiria vumbi na jua. Bango likikaa wiki mbili kwenye ukuta wa Kahama au Katoro wakati wa kiangazi hupata rangi ya udongo, na jalada la kahawia au rangi ya mchanga hupotea kabisa. Jua nalo huanza kula nyekundu na njano kabla ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mabango ya zamani huonekana ya bluu bluu. Jina la msanii likichapwa kwa nyekundu tupu, ndilo litakalokuwa la kwanza kufutika.

Baada ya vipimo hivyo ndipo huja mteja. Kosa kubwa hapa ni swali la "Umelipenda?" Watu wa ukanda huu ni waungwana. Hawamwambii mtu usoni kuwa kazi yake mbaya, hasa msanii mwenyewe akiwa amesimama pembeni anatabasamu. Msanii asiwepo, na swali libadilishwe.

Maswali yanayofaa ni haya. "Huyu anaimba muziki gani?" Wengi wakijibu Injili au singeli, jalada limepotosha. "Anaitwa nani?" Hili liulizwe baada ya kuliondoa jalada machoni mwao kwa dakika tano. "Umri wake ni kama wako, au mkubwa, au mdogo?" Jibu hilo huonyesha kama mlengwa anajiona humo. Mwisho, swali la fedha: mtu apewe sh. 500 ya shukrani kwa muda wake, kisha aulizwe kama angependa kuitumia kuwekewa nyimbo za msanii huyo kwenye memori kadi. Mtu akitoa mia tano aliyokwisha kuitia mkononi, hilo ni jibu. Sifa za bure hazihesabiwi.

Kipimo chenye nguvu zaidi hufanyika kwenye vibanda vya kuweka nyimbo. Mwenye kibanda hukubali kubandika jalada A Jumatatu, B Jumanne, C Jumatano, kisha kuanza upya kwa wiki tatu. Nyimbo ziwe zilezile, bei ileile, na bango lisihamishwe. Kila anayeomba nyimbo hizo huandikwa kwenye daftari. Siku ya mnada au gulio ihesabiwe peke yake, kwa sababu siku hiyo wateja huwa wengi kwa jalada lolote. Anayebadilisha jalada na bei kwa pamoja hatajua kipi kilichomletea wateja.

Wenye chaneli ya YouTube wana njia nyingine. Tangu mwaka 2024 mtandao huo umewapa wenye chaneli uwezo wa kupakia hadi picha tatu za utambulisho kwa video moja, nao huzigawa kwa watazamaji na kuonyesha ipi imeleta muda mwingi zaidi wa kutazamwa. Ni kipimo cha bure, ila kinahitaji watazamaji wa kutosha. Msanii mwenye watazamaji hamsini hatapata jibu.

NAMBA ZISIMDANGANYE MTU

Mfanyabiashara akishapata daftari lake huwa na haraka ya kutangaza mshindi. Hapa inabidi asimame kidogo.

Chukua mfano wa watu 40 walioonyeshwa majalada mawili, ambapo 22 walichagua A na 18 wakachagua B. Wengi watasema A limeshinda. Lakini ukirusha sarafu hewani mara 40, tofauti ya namna hiyo au kubwa zaidi hutokea kwa bahati tupu katika zaidi ya nusu ya majaribio. Maana yake A halijashinda chochote. Yangekuwa 28 kwa 12, mambo yangebadilika, kwani tofauti kama hiyo kwa sarafu hutokea kama mara 2 tu katika kila majaribio 100.

Kwa ujumla, ukiuliza watu 100 na 55 wakasema ndiyo, jibu la kweli la soko zima linaweza kuwa popote kati ya 45 na 65, na hiyo ni ikiwa watu hao hawakuchaguliwa kwa upendeleo. Watu 100 wa saluni moja ya rafiki wa msanii si watu 100 wa soko. Ni afadhali 20 wa saluni, 20 wa kijiwe cha bodaboda, 20 wa maduka ya nguo, 20 wa chuo na 20 wa mialoni.

Majalada mawili yakikaribiana, mdhamini asiendelee kutumia fedha kutafuta mshindi. Achukue lile la bei nafuu kuchapisha na aendelee na kazi. Kipimo kimekwisha kumwambia kuwa tofauti ni ndogo.

VIDEO: HAPA NDIPO FEDHA ILIPO

Video ina historia fupi hapa nchini. Vituo binafsi vya televisheni vilianza mwaka 1994, na Channel O ya Afrika Kusini iliyoanza mwaka 1997 ikawapa wasanii wa bara hili jukwaa. Katika miaka ya 2000 waongozaji kama Adam Juma waliinua kiwango cha video za Bongo Fleva. Mwaka 2013 Diamond Platnumz alikwenda kupiga video ya "My Number One" Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akashirikiana na Davido wa Nigeria katika toleo jipya la wimbo huo. Tangu hapo wasanii wengi wachanga wameamini kuwa video ghali ndiyo mlango wa mafanikio.

Kinachosahaulika ni kwamba Diamond hakuwa mwimbaji mpya mwaka 2013. Alikwishakuwa na jina na nyimbo zilizopendwa nchi nzima. Video ghali ilipeleka mbali kitu kilichokwisha kupimwa na soko la nyumbani. Kumpa kiwango hicho cha fedha mwimbaji ambaye hata Tinde hawamjui ni sawa na kununua mtambo kabla ya kujua kama mwamba una dhahabu.

Hatua ya kwanza ni rasimu ya simu. Msanii, rafiki mmoja mwenye simu yenye kamera nzuri, na siku moja ya kazi. Wimbo mzima upigwe kwa kufuata mpango wa mwongozaji, tukio kwa tukio, bila taa za kukodi, bila gari la kukodi. Rasimu hiyo haitangazwi popote. Ni mawe machache ya kusaga.

Rasimu hiyo hupimwa kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni bila sauti. Katika baa na migahawa mingi televisheni huwaka huku watu wakipiga soga, au muziki mwingine ukilia. Kikundi cha watu kumi kiangalie video bila sauti, kisha kila mmoja asimulie kilichotokea. Wakisimulia hadithi kumi tofauti, hadithi haipo.

Njia ya pili ni sekunde kumi za kwanza. Mtazamaji wa simu hakai kungoja nembo ya kampuni, jina la mwongozaji na gari linalokuja polepole. Mtu mmoja aketi pembeni na saa, aandike ni sekunde ya ngapi kila mtazamaji alipogeuza macho au kushika simu yake. Sehemu ambayo watu sita kati ya kumi wamegeuka ndiyo ya kukatwa. Baada ya video kutoka rasmi, grafu ya YouTube itaonyesha jambo hilohilo, ila wakati huo fedha zitakuwa zimekwisha kulipwa.

Njia ya tatu ni ubora wa chini. Watazamaji wengi hupunguza ubora wa picha ili kifurushi kidumu. Video nyingi za RnB hupenda chumba chenye giza, mshumaa na kivuli. Picha za giza ndizo zinazoharibika zaidi ubora unaposhushwa, kwani vivuli hugeuka vipande vya mraba na uso wa msanii hupotea. Rasimu iangaliwe kwa kiwango cha 360. Giza likimeza sura ya mwimbaji, taa ziongezwe au tukio lihamishiwe mchana. Marekebisho hayo, yakifanyika kabla, hayana gharama.

Njia ya nne ni ukweli wa mahali. Waongozaji wakisikia "Geita" hufikiria mikufu ya dhahabu. Lakini mtazamaji wa hapa anaijua dhahabu na anaijua shaba. Aulizwe kwa uwazi kama mavazi, nyumba na gari vinamfanya amwamini mwimbaji au amcheke. Aidha aulizwe kama angeiangalia video hiyo sebuleni pamoja na wazazi au wakwe. Video isiyoweza kuangaliwa sebuleni imejipunguzia soko, maana familia nyingi zina televisheni moja.

Kwa upande wa gharama za kuleta mafundi, hali imekuwa nafuu kidogo. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, hivyo kikundi cha wapiga picha kutoka Mwanza kwenda Geita hakitegemei tena kungoja kivuko. Siku moja iliyookolewa ni siku moja ya kukodi kamera.

HESABU YA MDHAMINI

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Kahama aliyetenga sh. 5,000,000. Namba hizi ni za mfano, na kila mmoja aweke zake.

Njia ya kwanza ni ile iliyozoeleka: jalada sh. 300,000, video sh. 3,700,000 na matangazo sh. 1,000,000. Hakuna akiba, hakuna kipimo.

Njia ya pili: rasimu tatu za jalada, fotokopi, shukrani za wapimwaji na rasimu ya video ya simu, jumla sh. 450,000. Jalada la mwisho sh. 250,000. Video sh. 2,500,000. Matangazo sh. 1,300,000. Akiba sh. 500,000.

Fedha hiyo itarudije? Matangazo ya YouTube si jibu la mwanzo, kwani mwenye chaneli hulazimika kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au watazamaji milioni 10 wa video fupi ndani ya siku 90, kabla ya kugawiwa mapato ya matangazo. Kwa mwimbaji mpya, fedha ya kwanza hutoka mlangoni, kwenye maonyesho. Kama kiingilio ni sh. 5,000 na baada ya kulipa ukumbi, vyombo, walinzi na usafiri hubaki sh. 1,500 kwa kila mtu, inabidi watu 3,334 waingie ndipo sh. milioni 5 irudi. Kwa watu 200 kila onyesho, hayo ni maonyesho 17.

Kwa mizani hiyo, sh. 450,000 za vipimo ni sawa na watu 300, yaani onyesho moja na nusu. Video mbaya ya sh. 2,500,000 ni sawa na watu 1,667, yaani zaidi ya maonyesho manane. Ikiwa vipimo vitamwokoa mdhamini na video mbaya hata mara moja tu katika kila mara tano, vimejilipa. Na rasimu ikishindwa kabisa, anaweza kusimama akiwa amepoteza mia nne na hamsini elfu, si milioni tano.

Wapo watakaosema ni bora kuweka fedha kwenye kampuni za muziki kuliko kwa mtu mmoja. Njia hiyo ipo. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Kenya, iliorodhesha hisa zake katika soko la wanaochipukia la Nasdaq huko Copenhagen mwaka 2020. Lakini hisa nazo hupanda na kushuka, na mwenye mtaji mdogo wa Kahama ana faida moja asiyokuwa nayo mwekezaji wa Copenhagen: anaweza kutembea hadi kwenye kibanda na kuhesabu wateja mwenyewe.

MIKATABA NA VIBALI

Kipimo kizuri hakiokoi kazi isiyo na karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi za muziki, picha na video, na COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo inayosajili. Kabla ya malipo ya awali, mkataba ueleze nani anamiliki picha ya jalada, nani anamiliki video, nani anashika nywila ya chaneli, na mafaili asilia yatakabidhiwa lini. Mdhamini asiyeuliza hayo anaweza kulipia kila kitu na kubaki na risiti tu.

Maudhui nayo yapimwe dhidi ya sheria. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu za maadili. Mwezi uliofuata wasanii hao walizuiwa kufanya maonyesho baada ya kuuimba jukwaani, na zuio hilo likaondolewa baadaye. Wasanii wakubwa waliweza kuvumilia pigo hilo. Mwenye milioni tano hawezi. Ni busara kupeleka maneno ya wimbo na mpango wa video BASATA na Bodi ya Filamu kabla ya siku ya kupiga picha.

Anayetaka mandhari ya machimbo apate ruhusa ya maandishi ya mwenye leseni, na asiruhusu msanii kushuka kwenye duara kwa ajili ya picha. Maduara huporomoka. Watu wanaoonekana wazi kwenye video wasaini kuwa wamekubali, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na anayekusudia kuuza nakala za CD aiulize TRA kuhusu stempu za kodi, ambazo zilianza kubandikwa kwenye bidhaa za muziki na filamu mwaka 2013, ili mchoraji aache nafasi isiyofunika jina la msanii.

LINI KUANZA

Mnunuzi wa pamba huandaa maghala kabla ya msimu. Mdhamini wa muziki naye aanze vipimo vya jalada Februari na rasimu ya video Machi, ili kazi kamili ipigwe Aprili mvua zikiruhusu. Albamu ikitoka Juni itakutana na fedha za mpunga na pamba, na kufikia Septemba au Oktoba msanii atakuwa na jina la kutosha kuomba nafasi pembezoni mwa maonyesho ya teknolojia ya madini ya Geita, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 2018.

Anayekuja na wazo Mei, akitaka video iwe tayari Juni, hana muda wa kupima chochote. Huyo aambiwe asubiri mwaka ujao, au aanze na jalada na wimbo mmoja.